Sura ya Nne: Vitambaa Chini ya Sindano

Dereva alikuwa amelala mahabusu siku mbili kwa kosa la kuropoka. Hivyo ndivyo Inspekta alivyoiona kesi yenyewe, ingawa mbele ya wakubwa alinyamaza. Katika mkutano wa wafanyakazi wa karakana ya ushonaji, dereva wao huyo alisimama akatamka kwamba wageni wakiendelea kuajiriwa, mahali hapo siku moja pataungua. Wiki haikuisha, pakaungua. Ukiwa na mdomo wa namna hiyo, nani atakuamini ukisema jioni ile ulikuwa kwako umejinyoosha kitandani? Sajenti hakumwamini. Sajenti alishapata mtu wake, na alitaka faili lifungwe awahi nyumbani, maana ilikuwa Jumamosi na yeye alikuwa na watu wa kumngoja.

Inspekta hakuwa na wa kumngoja. Labda ndiyo maana alirudi kuikagua karakana mara ya pili.

"Afande, huyu ndiye," Sajenti alisema, akiruka dimbwi la maji yaliyoachwa na zimamoto. "Kasema mwenyewe, watu kibao wamemsikia. Tunatafuta nini tena?"

"Ufunguo," Inspekta akamjibu. "Mlango wa nyuma haukuvunjwa, ulifunguliwa. Dereva hajawahi kupewa ufunguo wa hapa."

"Kaazima."

"Kwa nani?"

Sajenti akajikuna shingo.

Muda wenyewe haukuwa rafiki. Hospitalini alilazwa mfagiaji wa karakana, mama mgeni ambaye hakuwa na pa kulala, akawa anajibanza stoo bila mtu kujua. Moto ulimkuta humo. Madaktari walikuwa hawajaahidi kitu. Na tangu asubuhi kulikuwa na ujumbe unaruka simu hadi simu, wa kikundi kilichojiita Wenye Mji: *Ya kwanza imewaka. Ya pili leo, kabla jua halijazama.* Wapi, haukusema.

Wenye Mji walikuwa watu wa mabango na vipaza sauti. Walizunguka mtaa kwa mtaa wakihubiri kwamba kila balaa, kuanzia foleni za hospitali hadi kodi za nyumba, limeletwa na wageni, na kwamba mgeni haondoki kwa kuombwa. Zamani watu waliwacheka. Baadaye wakaanza kuwapisha njia, na sasa hivi wapo waliokuwa wakiwafuata, tena watu wazima na akili zao, watu waliolea watoto na kuzika wazazi. Hilo ndilo lililomtia Inspekta hofu kuliko mabango.

Akapita katikati ya karakana. Mbele pote palikuwa majivu: meza ya kukatia, marobota ya vitambaa, kiti cha msimamizi. Lakini mstari wa nyuma wa cherehani ulisalimika. Moshi ulizipaka masizi na maji yalizilowesha, basi. Inspekta akainamia ya kwanza. Chini ya kile kiguu cha chuma kinachokandamiza nguo palikuwa na kipande cha kitambaa kilichokunjwa, na sindano imeshushwa katikati yake. Akaenda ya pili, akakuta vilevile. Ya tatu, vilevile. Akaumaliza mstari mzima, akarudi tena mwanzo.

"Umedondosha kitu, afande?" Sajenti akauliza.

"Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Jioni akimaliza kazi, haachi mashine bila kuiwekea kitambaa. Anasema mashine nayo inalazwa. Kile kitambaa kinanyonya mafuta, sindano haikai inagusa chuma, kesho asubuhi unaanza kazi bila doa. Mafundi wa zamani wote walifundishwa hivyo, tena kwa makofi."

"Basi na wa hapa walifundishwa vizuri."

"Tumuulize bosi."

Bosi wa karakana alikuwa nje, mikono kiunoni, anautazama ukuta mweusi. Alikuwa bwana wa makamo aliyeirithi karakana kwa baba yake, na tangu juzi alikuwa hajabadilisha shati.

"Vitambaa kwenye mashine? Hapa? Thubutu!" alisema. "Sheria yangu ni meza tupu. Kengele ya kutoka ikilia, msimamizi anapita mashine moja moja, hataki kuona hata uzi."

"Na Alhamisi hiyo ya moto alipita?"

"Alipita, na mimi nikiwa nyuma yake. Meza zilikuwa tupu."

"Basi kuna mtu aliingia mkishatoka. Akazilaza mashine zako moja baada ya nyingine, wakati wenzake wanamwaga petroli huku mbele."

Sajenti akaangua kicheko. "Mchoma moto mwenye huruma! Hiyo mpya."

"Hakuwaza huruma wala nini. Mkono wake ulishazoea kufanya hivyo kila jioni kwa miaka, na hiyo ilikuwa jioni. Dereva anajua kushona?"

"Yule?" bosi akasema. "Hata kifungo kikikatika anamngoja mkewe."

Inspekta alimwona bosi anakumbuka kitu, na anatamani asingekikumbuka.

"Kuna mzee mmoja," akasema hatimaye. "Fundi Mkuu. Alikuwepo hapa tangu enzi za marehemu baba, nusu ya mafundi wa mji huu kawafundisha yeye. Mwaka jana nikampumzisha. Kiti chake nikampa dada mmoja mgeni, mwepesi, anazijua mashine za kisasa. Lakini jamani, mzee yule hawezi kuua hata nzi!"

"Ufunguo wake alirudisha?"

"Sidhani kama kuna mtu aliyekumbuka kumwomba," akasema.

* * *

Mzee alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo milango yake yote ilikuwa imefungwa. Inspekta alimwacha Sajenti garini pamoja na askari aliowakusanya. "Injini iwe inawaka," alimwambia. "Nikikupigia, unaondoka." Akapanda ngazi peke yake. Njiani alipishana na mpangaji mmoja anashuka. Akamuuliza Fundi Mkuu anakaa mlango upi, na yule bwana akasema hamjui, na kumbe alikuwa anatoka mlango wa pili yake.

Alipogonga tu, mlango ukafunguliwa. Mzee alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na tabasamu lake lilikuwa tayari usoni. Lilipomwona Inspekta likafifia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani ni wao."

"Wao kina nani?"

Mzee akaona amejikwaa. "Wageni wangu," akasema, akampisha aingie.

Kilikuwa chumba kimoja, kisafi mno. Kitanda cha mtu mmoja kimesukumwa pembeni, na viti vimepangwa kuzunguka ukuta: cha mbao, cha plastiki, stuli, hata ndoo iliyopinduliwa na kuwekewa mto. Mezani kulikuwa na chupa ya chai na sinia la vikombe, vyote vimeoshwa vikang'aa. Dirishani ilikaa cherehani ya zamani ya mkono. Chini ya sindano yake palikuwa na kitambaa.

Inspekta alionyesha kitambulisho, akakaa kwenye kiti cha mbao. Mzee akammiminia chai bila kuulizwa.

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi, mzee?"

"Hapa."

"Na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Ufunguo wa mlango wa nyuma wa karakana uko wapi?"

Macho ya mzee yalikwenda kwenye koti lililotundikwa mlangoni. Inspekta hakuinuka. Hakukuwa na haja.

"Nimetoka karakana sasa hivi," akasema. "Mstari wa nyuma umepona. Kila mashine imewekewa kitambaa, kimekunjwa mara mbili, kona ndani. Kama hicho pale dirishani."

Mzee akageuka kukitazama kitambaa. Akakitazama muda mrefu. "Sikumbuki kuweka," akasema kwa sauti ndogo, na Inspekta akajua anasema kweli.

"Nani aliingia pamoja na wewe?"

"Sikusema niliingia."

"Mzee wangu, tusichoshane. Stoo ya pale kulikuwa na mtu."

"Hapakuwa na mtu. Waliniambia hapana mtu."

"Mfagiaji. Yule mama mgeni. Alikuwa amelala. Sasa yuko hospitali, kaungua mgongo na mikono, na kama atapona hatujui. Mlango wa stoo uko palepale, mwisho wa mstari wa nyuma. Ulizilaza mashine zote, mzee. Mlango hukuufungua."

Mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Inspekta alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi, kwa sababu kule hospitalini mtu alikuwa anafungwa bandeji na yeye yuko hapa anakunywa chai.

"Waliniambia ni kitisho tu," mzee alisema. "Waunguze ile meza ya mbele, wale watu waogope, waondoke wenyewe. Nifungue mlango, basi."

"Na kwa nini ulikubali? Wale watu walikufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu."

"Yule dada aliyekaa kwenye kiti chako?"

"Hata yeye. Nikipita pale alikuwa ananisalimia vizuri tu." Mzee akainua uso, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hasira. "Hebu nikuulize, mwanangu. Asubuhi moja unaamka, huna pa kwenda. Kazi umeijua maisha yako yote, wanakwambia siku hizi haifanywi hivyo. Mke kaburini, watoto wako mbali, ukiwapigia wanasema baba nipo kwenye kikao. Mtaani lugha unazosikia huzielewi, ukisalimia hawajui kama umesalimia. Unamuuliza nani ni kosa la nani? Wote wanakuambia hakuna kosa, mzee, dunia inabadilika. Sasa wakaja watu wakaniambia kosa lipo, na mwenye kosa ni fulani. Mimi nilipata usingizi siku ile."

"Uliamini?"

"Siku ya kwanza walipowatukana wageni, nilinyamaza. Walikuwa kwangu, wanakunywa chai yangu, nikaona nisiwaudhi. Jumamosi ya pili nikawa naitikia kwa kichwa. Ya tatu na mimi nikatia neno, wakacheka, wakanipiga bega." Akakitazama kiganja chake. "Ukishasema neno mara nyingi, unasahau kwamba ulianza kwa kumridhisha mtu."

Inspekta akavitazama viti. "Wanakuja kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi, saa nane. Mkubwa wao, wanayemwita Mwalimu, na vijana wake. Wananiita Baba."

Saa ya ukutani ilikuwa imeshapita saa tisa. Inspekta hakutaka kuitaja, lakini jua halikuwa linamsubiri yeye.

"Mzee, leo wanakwenda kuchoma pengine. Wapi?"

"Watakuja. Nitawauliza wenyewe."

"Hawaji."

"Wamechelewa tu."

"Hawaji, mzee. Walikuwa wanataka ufunguo. Wameshautumia."

"Wewe huwajui!" mzee akafoka, mate yakamruka. "Unajua ni nani aliniletea dawa nilipoumwa? Ni bosi? Ni majirani hawa? Ni serikali yako? Ni wale vijana! Kijana mmoja alikaa hapo kwenye ndoo mpaka homa ikashuka. Leo niwauze kwa sababu umekuja na kitambulisho? Siku zote ulikuwa wapi?"

Inspekta mwenyewe aliishi mlango mkabala na bibi mmoja, na hajawahi kumuuliza hata anaitwa nani. Aliona aibu, akaacha ipite, akarudi kazini.

"Basi wapigie," alisema. "Uwaulize kama wanakuja. Weka sauti nami nisikie."

Ilikuwa kamari, na Inspekta aliijua. Neno moja tu la kuwashtua na wangebadilisha mahali, wangekwenda kuchoma asikojua mtu yeyote. Aliusogeza mkono wake karibu na simu ya mzee, tayari kuinyakua. Mzee alibonyeza namba taratibu, akakohoa kusafisha koo, akakaa wima kana kwamba mtu aliyempigia angemwona.

"Haloo," sauti ya kiume ikaitika. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya gari na watu wanaongea. "Nani?"

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi Baba."

"Baba yupi?"

Mzee akamtazama Inspekta, kisha akayaondoa macho haraka. "Baba. Fundi. Leo si Jumamosi? Chai iko tayari."

Halafu ile sauti ikamwambia mtu wa pembeni, bila hata kuisogeza simu mbali, "Yule mzee wa cherehani. Anauliza chai." Kicheko kikalipuka, vicheko vya watu wengi. "Mzee, leo tuna kazi. Na usiipige tena namba hii, sawa?"

Simu ikakatwa. Mzee hakuiondoa sikioni. Aliendelea kuisikiliza, na Inspekta akamwacha, ingawa kila dakika ilikuwa ya thamani. Hatimaye mzee akaiweka mezani, kando ya vikombe.

"Bweni la wageni," akasema. "Lile la nyuma ya soko la mbao. Wataingia na ovaroli za mafundi bomba ili wafunguliwe geti. Nilizishona mimi, wakasema ni za kazi ya kujitolea. Kisha wakayapanga yote hapahapa, mbele yangu. Walikuwa wanaongea kana kwamba mimi ni kabati."

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Ningebaki na nani?"

Inspekta alikuwa ameshampigia Sajenti. Alitaja mahali, akataja ovaroli, na kule chini akasikia gari likiondoka kwa kasi. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Walikaa wawili katikati ya viti vitupu. Mzee alimuuliza yule mfagiaji anaitwa nani. Inspekta akamwambia, na mzee akalirudia jina mara kadhaa, akilikosea, akilirekebisha, mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Halafu akalia. Alilia bila kujificha, kamasi na machozi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kulikuwa bado kweupe Sajenti alipopiga.

"Tumewadaka getini, afande! Wote, na yule Mwalimu wao. Madumu ya petroli wameyaficha kwenye masanduku ya vifaa." Alikuwa anahema kwa furaha. "Hakuna aliyeguswa. Ila kuna mama mmoja wa humo bwenini anatugombeza, anasema bomba lake linavuja wiki ya pili, tukiwakamata hawa nani atalitengeneza?"

"Mwambie tutampigia fundi wa kweli. Na dereva aachiwe."

"Dereva... Ndiyo, afande."

Inspekta akainuka. "Mzee, twende."

Mzee hakubisha. Alimwaga chai iliyobaki, akafunga dirisha, akachukua koti mlangoni, akatoa ufunguo mfukoni na kumkabidhi Inspekta. Alipofika kwenye kizingiti akasimama. Inspekta alidhani sasa ndipo anakana.

"Huko ninakokwenda," mzee akauliza, "mtu analala peke yake?"

"Hapana, mzee. Wamebanana. Hata kujigeuza ni kazi."

Mzee alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Mabega yake yakashuka, uso ukalainika, akawa anajitahidi kuficha kwamba habari hiyo imempendeza.

"Haya, mwanangu," akasema. "Tusiwacheleweshe."

Inspekta alimshika mkono kumsaidia kushuka ngazi, na hakuweza kumtazama mpaka walipofika chini.